Bruno Gutmann wa Kidia, Aliyetufundisha Deni la Ujirani

Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za watumishi wa Mungu waliotutangulia, ili tuyatazame matendo yao na kujifunza kwayo. Safari hii tumemchagua Daktari Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliyekuwa mchungaji wa usharika wa Moshi ya Kale, pale Kidia, kwa miaka mingi. Jina lake lajulikana mlimani petu hata leo, nalo limeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya. Lakini hatuandiki habari zake kwa ajili ya sifa hizo. Twaandika kwa sababu alilishika jambo moja ambalo sisi tumeanza kulisahau, nalo ni hili: wema kwa jirani si sadaka ya siku moja moja, bali ni deni la kila siku, tena deni hilo lisipokuwa na jina la mtu na mlango wa nyumba, halilipwi kamwe.

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 4 Julai 1876. Alifiwa na mama yake angali mtoto, akalelewa na babu na bibi yake. Watu wa kwao hawakuwa na mali. Dresden ya siku zile ilikuwa mji unaokua upesi, wenye viwanda vingi, na watu wengi walihamia humo kutoka mashambani wakitafuta kazi. Walikaa katika majumba marefu, ukuta kwa ukuta, lakini mara nyingi mtu hakumjua yule alalaye upande wa pili wa ukuta wake. Gutmann alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya Pieschen, kando ya Dresden. Maisha ya mji wa namna hiyo aliyaona kwa macho yake, na hofu yake juu ya watu wasiojuana haikumtoka hata uzeeni.

Mwaka 1895 aliingia seminari ya misioni huko Leipzig, na mwaka 1902 akafika Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamekwisha kuanza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896. Lakini neno lao halikusikiwa katika nchi yenye utulivu. Mwezi wa Machi mwaka 1900 serikali ya Wajerumani ilimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wakuu wengine, na watu walikuwa hawajaacha kulia. Basi fikirini, ndugu, hali ya Mjerumani aliyefika miaka miwili baadaye akitaka kuhubiri habari za upendo. Maneno yake yangeweza kuwa mazuri namna gani, watu wangeyapima kwa matendo ya watu wa kabila yake. Mtu wa namna hiyo hakuwa na njia ila moja: kukaa na watu, kuwasikiliza, na kujulikana nao nyumba kwa nyumba.

Ndivyo alivyofanya. Alitumika Mamba na Machame, kisha akaanzisha kazi Masama. Mwaka 1908 alirudi kwao kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka 1910 akaja tena, akawekwa Moshi ya Kale. Alijifunza lugha ya Kichaga hata akaweza kuketi na wazee bila mkalimani, naye baadaye akalitafsiri Agano Jipya kwa Kimochi. Wazee walimweleza sheria za ukoo, desturi za ndoa na mirathi, na mafundisho ambayo vijana walifundishwa kwa mregho, yaani ile fimbo iliyokatwa alama, kila alama na somo lake. Yeye aliyaandika yote kwa saburi. Wengi waliomtangulia walikuja na maneno mengi ya kusema. Huyu alijifunza kwanza kunyamaza. Nasi twaona ya kuwa huo ndio wema wa kwanza ambao mtu aweza kumtendea mwenzake, yaani kumsikiliza hata mwisho kabla ya kumhukumu.

Katika kusikiliza kwake aligundua jambo ambalo hakulitazamia. Alidhani amekuja kuwafundisha watu kupendana. Akakuta watu ambao tangu zamani walikuwa wamefungwa pamoja kwa vifungo vingi vya kusaidiana. Aliviona vifungo vitatu kuwa vikubwa: ukoo, ujirani, na rika. Katika vitabu vyake alivirudia hivyo vitatu mara kwa mara, akisema kwa namna nyingi kwamba ni zawadi ya Mungu Muumba, wala haikumpasa mmisionari kuvikata, bali kuvitakasa kwa Injili.

Wasomaji wetu walio vijana huenda wasijue mambo hayo yalivyokuwa, kwa hiyo tutaje machache. Kwanza, mfongo. Maji ya mlimani hayafiki katika kihamba cha mtu kwa nguvu zake mwenyewe. Mfongo hutoka mbali juu korongoni, hupita katika vihamba vya watu wengi, na kila mwenye kuyatumia maji ana zamu yake. Mfereji ukiziba au kubomoka, wote wenye zamu huitwa kuuzibua, na asiyetokea hutozwa faini. Basi mtu aliyekosana na jirani yake asubuhi, jioni alilazimika kusimama naye katika tope moja, kila mmoja na jembe lake, maana ndizi za wote wawili zilikuwa zakauka. Maji yaliwapatanisha.

Pili, ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote nyumbani mwake. Alimweka mmoja kwa jirani asiye na kitu. Yule jirani alimkatia majani na kumtunza zizini, naye akapata maziwa kwa watoto wake na samadi kwa migomba yake. Ndama walikuwa mali ya mwenyewe, na siku ya kuchinja mtunzaji hakusahauliwa katika nyama. Tazameni hekima ya jambo hili. Maskini hakupewa kitu cha kumwaibisha. Alipewa kazi yenye heshima, na nyumba mbili zikawa na sababu ya kuulizana hali kila juma. Msaada ulipita kimya kimya, wala hakuna aliyeitwa mwombaji.

Tatu, masale. Mmea huu wote twaujua, maana ndio uliopandwa mipakani mwa vihamba vyetu. Lakini jani la mmea huo huo ndilo ambalo mwenye kukosa alilichukua mkononi alipokwenda kumwomba msamaha mtu aliyemkosea, na aliyeletewa jani hilo aliona vigumu mno kukataa. Wazee wetu hawakuchukua mmea mmoja wa mpaka na mwingine wa amani. Jani lile lile lililomwonya mtu asiingie katika haki ya mwenzake, ndilo lililomfungulia njia ya kurudi alipokuwa ameiharibu.

Gutmann alipokwisha kuyaelewa mambo hayo, alijiuliza usharika wa Kikristo ujengwe namna gani. Mara nyingi Mkristo wa siku zile aliitwa kutoka kwa watu wake, akafundishwa kusoma, akakaa karibu na misioni, akawa mtu wa peke yake. Gutmann alikataa njia hiyo. Usharika wa Moshi ya Kale aliugawa kwa ujirani, kila mtaa na wazee wake, ili wazee hao wawe macho na masikio ya usharika. Kazi yao haikuwa kuhesabu michango tu. Yaliwapasa kujua ni nani aliye mgonjwa, ni nani amefiwa, ni nani amegombana na mkewe, ni nyumba ipi ambayo moshi haukuonekana juu yake leo.

Na kwa vijana alifanya jambo jingine. Aliiona desturi ya zamani ya wapiganaji waliosimama pamoja kwa ngao, kila mmoja akiulinda ubavu wa mwenziwe. Akaichukua desturi hiyo, akaiondolea vita, akaitia katika mafundisho ya kipaimara. Vijana waliokuwa wakijitayarisha kubarikiwa alifungamanisha pamoja katika vikundi vidogo vya ngao, ili kila mmoja awe na mwenzake aliyekabidhiwa: kumwonya akipotea, kumtembelea akiugua, kumsaidia shambani akielemewa, na kumwombea siku zote. Walipokwisha kipaimara, kifungo kile hakikukoma. Kilikusudiwa kudumu katika maisha yao.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa, maana hiki ndicho kiini cha habari yetu. Sote twahubiri ya kuwa yatupasa kuwapenda watu wote. Lakini anayesema anawapenda watu wote, mara nyingi hamtembelei hata mmoja. Mgonjwa wa mtaa mmoja aweza kulala siku nane, na watu mia wakaipita njia ya nyumbani kwake, kila mmoja akidhani ya kuwa mwingine amekwisha kuingia. Si kwamba mioyo yao ni mibaya. Ni kwamba mgonjwa huyo hakuwa wa mtu yeyote. Gutmann alitaka udhuru huo uondolewe. Ndiyo maana alimpa kila kijana mwenzake mmoja, na kila mzee mtaa wake, hata isiwezekane mtu kuachwa pasipo mwingine kujua ya kuwa yeye ndiye aliyemwacha.

Kazi hiyo ilijaribiwa upesi. Vita Kuu ya kwanza ilifika, nchi ikatoka mikononi mwa Wajerumani ikaingia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig waliondoshwa nchini, na Gutmann pamoja nao. Watu wengi wangeweza kutazamia ya kuwa sharika zitavunjika, maana wakati ule mlimani petu hapakuwa na mchungaji Mwafrika aliyebarikiwa. Lakini hazikuvunjika. Walimu na wazee wa mitaa waliendelea kufundisha, kuzika wafu, kuwapatanisha waliogombana, na kuwatunza wajane. Waluteri wa Augustana kutoka Marekani walikuja baadaye kuwasaidia. Hata hivyo mzigo wa miaka ile waliuchukua watu wenyewe. Na hapo ilidhihirika ya kuwa usharika uliojengwa juu ya mtu mmoja huondoka pamoja naye, bali ule uliojengwa juu ya majirani waliokabidhiana hubaki, maana majirani hawahamishwi kwa amri ya serikali.

Huko Ujerumani Gutmann hakukaa bure. Aliandika juu ya kujenga usharika, na mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Erlangen kilimpa heshima ya udaktari wa theolojia. Mwaka 1926 kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilitolewa, na mwaka huo alikuwa tena Kidia pamoja na usharika wake. Kati ya 1932 na 1938 yalitolewa mafundisho ya kikabila ya Wachaga, vitabu vitatu vinene. Mwaka 1938 aliagana na Moshi, akarudi kwao asije tena. Alifariki tarehe 17 Desemba 1966, huko Ehingen katika nchi ya Bavaria, mwenye umri wa miaka 90.

Isingekuwa haki kumsifu mtu huyu pasipo kutaja yale ambayo alilaumiwa kwayo, maana ukweli nao ni wema. Wako vijana wa Kichaga wa siku zake walioona ya kuwa apenda mambo ya zamani kupita kiasi. Wao walitaka shule zaidi, lugha ya Kiingereza, na biashara ya kahawa mikononi mwao wenyewe. Mmoja wao ni Joseph Merinyo, aliyekuwa katika nyumba ya Gutmann akiwa kijana na kusafiri naye mpaka Ujerumani, kisha akawa kiongozi wa chama cha wakulima wenyeji wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1925. Nasi twaona ya kuwa vijana hao hawakukosea. Chama chao nacho kilikuwa namna ya ujirani: watu wengi wenye vihamba vidogo walisimama pamoja ili mkulima mmoja asionewe peke yake.

Wako pia wanatheolojia waliomlaumu ya kuwa aliutegemea mno ukoo na ujirani, kana kwamba vifungo vya damu vyaweza kumzaa Mkristo. Lawama hiyo ina uzito, hasa tukikumbuka ya kuwa katika nchi yake mwenyewe, tangu 1933 mpaka 1945, maneno ya damu na taifa yalitumiwa kwa uovu wa kutisha, hata majirani wakawatoa majirani wao Wayahudi wauawe. Ukoo wapaswa kutiwa chini ya Injili, la sivyo huwa ukuta. Twajua wenyewe mtu aliye mwema sana kwa watu wa ukoo wake, lakini mpangaji aliyetoka mkoa mwingine akiugua katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, hana habari naye.

Kwa hiyo yafaa tuyasome mafundisho ya Gutmann pamoja na ile sura ya 10 ya Injili ya Luka. Pale Bwana wetu alimjibu mwanasheria aliyetaka kujua mpaka wa ujirani uko wapi, naye hakumwonyesha mpaka. Alimwonyesha Msamaria, mtu wa kabila iliyodharauliwa, akimfunga jeraha mtu asiye wa ukoo wake. Gutmann alitufundisha kuanza na mlango ulio karibu. Bwana Yesu atufundisha ya kuwa yeyote aliyelala mbele ya mlango huo ni wetu. Mafundisho hayo mawili hayashindani. Anayeyashika yote mawili atakuwa na mahali pa kuanzia, wala hatakuwa na mahali pa kukomea.

Sasa tutazame mambo yetu ya leo. Vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena hata vimekuwa vidogo, na watoto wetu wengi wako Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam na nchi za mbali. Migombani wamebaki wazee. Mifongo mingi imekauka, na maji ya bomba hayamlazimishi mtu kusimama na jirani yake topeni. Mjini twajenga kuta ndefu na mageti ya chuma, na twakutana misibani tu. Hatusemi ya kuwa bomba ni baya, wala geti ni dhambi. Twasema tu ya kuwa mambo yaliyowafunga baba zetu pamoja wapende wasipende, kwetu sisi yamelegea; basi yale waliyoyafanya kwa kulazimishwa na maji, sisi hatuna budi kuyafanya kwa kupenda, la sivyo hayatafanyika.

Kwa hiyo twawaomba hasa ninyi wainjilisti na wazee wa mitaa, mliokabidhiwa kundi. Katika jumuiya zenu msiridhike na kuwahimiza watu kwa ujumla kuwa na upendo. Gawaneni nyumba. Kila aliye na afya apewe nyumba moja isiyo ya ukoo wake, ajue ya kuwa hiyo ni juu yake: ya mjane, ya mzee anayekaa peke yake, ya mgeni aliyepanga chumba, hata ya jirani asiye wa dhehebu letu wala wa dini yetu. Asitakiwe mambo makubwa. Apite mara mbili kwa juma, abishe hodi, aulize hali, achote ndoo ya maji, amkatie ng'ombe majani, apeleke bakuli la mtori mgonjwa akiwapo. Akisafiri, amkabidhi mwingine zamu yake, kama zamu ya maji inavyokabidhiwa. Na vijana wa kipaimara wapewe wenzao wa kuwalinda, kama alivyofanya mchungaji yule wa Kidia, wala wasiachwe kwenda mjini kila mmoja peke yake.

Na kwa wale walio na ugomvi wa mpaka, nao ni wengi katika sharika zetu siku hizi, twawaomba wautazame tena mmea uliosimama kati ya vihamba vyao. Babu zenu waliupanda pale ili uwaonyeshe haki ya kila mmoja. Lakini jani lake lachumika bado. Aliye tayari alichume kwanza, avuke nalo, apige hodi. Kesi ya shamba yaweza kumalizwa na hakimu. Ujirani hauwezi kurudishwa na mtu mwingine ila wenye nyumba wenyewe.

Bruno Gutmann alikuja mlimani petu akiwa mgeni, tena mgeni wa kabila iliyotuumiza, akakaa hata akawa jirani. Haya ndiyo aliyotuachia. Mungu Baba yetu, aliyetupa majirani bila kutuuliza kama twawataka, atupe na mioyo ya kuwapokea, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.